Laini Isiyolalamika

Saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, kasi ya upepo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa ilishuka kutoka mita kumi na moja kwa sekunde hadi nne. Kutoka dirisha la chumba cha udhibiti, Singida mjini, mapanga ya mitambo yalikuwa bado yanazunguka, ila sasa mtu angeweza kuyahesabu moja moja. Muda mfupi baadaye wingu lilifunika mashamba ya sola upande wa kusini.

"Vyote viwili kwa mpigo," alisema Zuhura Mfinanga, mwendeshaji wa zamu. "Mungu naye amekuja kuangalia maonyesho."

"Punguza sauti. Maikrofoni iko wazi," alisema mhandisi mkuu, Perusi Ntandu.

"Haiko wazi, dada. Nimeifunga mwenyewe."

Nyuma ya kioo, kwenye viti vilivyopangwa kama vya ukumbi wa mkutano, walikaa wajumbe wa nchi saba. Mkurugenzi Rweyongeza alisimama mbele yao akiwa ameifunga suti vifungo vyote.

"Waheshimiwa, mnachokiona ni upepo kukatika na jua kufichwa kwa wakati mmoja," alisema, na sauti yake ikasikika kwenye spika za pande zote mbili. "Tafadhali msiangalie watu wetu. Wao hawatafanya chochote. Iangalieni skrini."

Namba kubwa katikati ya skrini ilikuwa masafa ya gridi. Inapaswa kuwa hamsini. Zamani umeme wa nchi ulitoka kwenye magurudumu mazito ya chuma yaliyozungushwa na maji au gesi, na gurudumu zito halisimami ghafla; linawapa watu nafasi ya kufikiri. Paneli za sola hazina gurudumu, na mitambo ya upepo imeunganishwa kwa vifaa vya kielektroniki visivyojali uzito wa mapanga. Nafasi ya kufikiri ilikuwa imebaki sekunde chache, na sekunde hizo zilikuwa zimekabidhiwa Mizani, programu iliyoiendesha gridi yenyewe.

Masafa yalishuka hadi arobaini na tisa nukta sita. Mizani ilivuta umeme kwenye betri za majumbani, nyumba zilizosaini mkataba. Ikapunguza baridi kwenye maghala ya samaki. Pengo lilipobaki, ikazipa laini kumi na moja za umeme pumziko. Neno mgao lilikuwa limeondolewa kwenye nyaraka zote za kituo. Lililotumika ni pumziko. Majina ya laini yalipita kwa maandishi ya kijani, na la kwanza lilikuwa Unyamisira.

Masafa yalirudi hamsini. Nyuma ya kioo watu walipiga makofi.

"Unyamisira tena," alisema Zuhura. "Ya tatu hii wiki hii. Hao ndugu zako wana roho za chuma."

"Ndiko kero iliko ndogo."

"Kwetu Same wangeshapiga simu mpaka mtambo ulie. Ndiyo maana kwetu hakuzimwi."

Zuhura alisema kwa utani, lakini alikuwa ameieleza kanuni bila kosa. Kila baada ya pumziko, Mizani ilihesabu malalamiko ya saa inayofuata: simu, ujumbe, au mtu kubonyeza kitufe chekundu kwenye mita ya nyumba yake. Laini yenye malalamiko mengi ilipandishwa daraja na kuachwa. Yenye machache ilishushwa, ikachaguliwa mapema zaidi safari iliyofuata. Perusi ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Aliitetea mbele ya kamati mbili kwa sentensi moja: anayeumia atasema. Kwa mwaka mzima Unyamisira, kijiji alichozaliwa, hakikuwa kimesema chochote.

Simu ya getini iliita. Zuhura aliipokea, akasikiliza, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Ni mlinzi. Anasema yule mzee wako wa jogoo bado yupo."

"Yupo wapi?"

"Hapo hapo. Tangu asubuhi. Amekaa kwenye tofali. Mlinzi amemwambia aende, anasema hajamaliza."

Perusi aliacha kuangalia skrini.

Asubuhi, gari lilipokuwa linamshusha, Mzee Mughwai alikuwa amesimama getini na jogoo mweupe kwapani. Alikuwa balozi wa Unyamisira tangu Perusi akiwa shule ya msingi. Wiki hiyo picha ya Perusi ilikuwa kwenye kila taarifa ya habari kwa sababu ya ugeni, na alidhani mzee ameleta pongezi. Alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akasema ahsante baba mdogo, nitakupigia, akampa mlinzi amfunge kivulini, akapanda ngazi. Hakumpa mzee kiti wala maji.

Lakini Unyamisira jogoo hapelekwi kwa pongezi. Anayeleta jogoo ana neno. Anakaribishwa, anakalishwa, anakunywa, na ikiwezekana anakula. Ndipo mwenyeji anamuuliza amekuja na neno gani. Kabla ya hapo hawezi kulitaja, na mwenyeji anayemharakisha anamvunjia heshima. Na balozi akishatumwa, hakuna nyumba nyingine inayosema. Kusema baada yake ni sawa na kumwambia hatoshi. Perusi aliyajua haya yote kabla hajajua kusoma.

Alichukua simu kwa Zuhura.

"Mpe mzee."

Palisikika mkwaruzo, kisha pumzi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Baba mdogo, samahani, asubuhi..."

"Kazi inaendaje?"

"Inaendelea vizuri."

"Na wageni wako, wamefika salama?"

"Wamefika. Baba mdogo, umekuja na neno gani?"

Perusi alisikia jogoo akijipigapiga mbawa karibu na simu.

"Si neno la simu, mwanangu. Wewe maliza wageni wako. Mimi nipo."

"Ni mashine ya mama mdogo?"

Fimbo ya mzee iligonga tofali.

"Mama yako mdogo alisema usisumbuliwe ukiwa na watu," alisema mzee. "Mara zilizotangulia walipepea mayai kwa nyungo, yakapona. Leo sijui. Lakini yeye atakueleza. Mimi nimekuja kwa niaba ya nyumba zote, si ya mayai peke yake."

Mama mdogo Fidea, mdogo wake mama yake Perusi, aliongoza kikundi cha wanawake kilichototolesha vifaranga wa kienyeji na kuwauza hadi Dodoma. Mashine yao ilikuwa na ukubwa wa chumba. Kila mwezi waliijaza mara moja, na mwezi huo mayai yalikuwa ya siku ya kumi na nane. Perusi alijua kwa sababu mama mdogo alikuwa amemwalika kuja kuona yakitotoka Jumapili. Watu wengi hudhani umeme ukikatika mayai hufa kwa baridi. Katika siku za mwisho ni kinyume chake. Kifaranga aliye ndani ya yai anatoa joto lake, na maelfu yao wakiwa wamefungiwa pamoja bila feni wanajipika wenyewe. Betri ya kikundi ingeweza kuendesha feni hadi jioni, lakini nayo ilikuwa kwenye mkataba. Mizani iliimaliza saa sita mchana, wingu la kwanza lilipopita.

Alirudisha simu kwa Zuhura.

"Nikihamisha laini moja kwa mkono, skrini inafanyaje?"

"Unajua inavyofanya. Wewe ndiye uliyeichora."

Fremu yote ya skrini ingegeuka manjano, na juu yangetokea maneno MKONO WA MTU. Yangebaki pale mpaka usiku wa manane, kwa sababu Perusi alitaka asiwepo mtu wa kuingilia kimya kimya. Kwa siku zaidi ya mia tatu fremu ilikuwa ya kijani.

Alimkuta Rweyongeza kwenye korido, akijifuta jasho kabla ya kurudi kwa wajumbe.

"Mkurugenzi, nataka kuitoa laini moja kwenye pumziko."

"Leo?"

"Sasa hivi. Kuna mashine ya kutotolesha Unyamisira. Ya kikundi cha akina mama."

"Mayai."

"Ndiyo."

Rweyongeza alicheka kidogo, si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyechoka.

"Perusi, mdogo wangu, watu wale wamekuja kuona kitu kimoja tu: kwamba mashine inatosha. Kwao kila waziri ana laini yake asiyotaka izimwe, ndiyo maana wanamtaka asiyejua ndugu. Ukiitoa laini ya kijijini kwenu mbele yao, nitawaeleza nini?"

"Sitaki kuitoa kwa sababu ni kwetu."

"Najua. Wao watajuaje?" Alikunja leso. "Sikuzuii. Ufunguo wa kuendesha kwa mkono ni wako na sheria inakuruhusu. Hata ukiulizwa, sema mkurugenzi hakunikataza. Amua mwenyewe."

Aliingia ndani. Perusi alibaki koridoni akipiga hesabu.

Mizani ilikadiria pumziko la dakika ishirini na tano. Utafiti unasema mayai ya umri ule, mlango ukiwa umefungwa na feni imesimama, huvumilia kama dakika arobaini. Ishirini na tano ni chini ya arobaini. Hesabu ilikuwa sahihi, na aliifahamu kasoro yake: namba ile ilipimwa kwa mayai yaliyokatiwa umeme mara moja, si mara tatu. Alifikiri pia juu ya hoja ya mkurugenzi, na hakupata kosa ndani yake. Hiyo ilimpa nafuu, na aliiona nafuu hiyo jinsi ilivyo.

Alirudi chumbani, akaketi kwenye kiti chake, ufunguo ukiwa mfukoni.

"Vipi?" aliuliza Zuhura.

"Tunasubiri."

"Haya."

Wingu halikuondoka. Dakika ishirini na tano zilipokwisha, Mizani iliongeza nyingine ishirini na tano. Wajumbe walinyanyuka kwenda kunywa chai, lakini chai ilikuwa imeandaliwa kwenye ukumbi uliotazamana na kioo, na kila mtu aliyekuwa na kikombe alikuwa ameelekea skrini. Mmoja alimwinulia Perusi kidole gumba. Naye akamwinulia.

Zuhura, mtu wa maneno, alijishughulisha na daftari la zamu.

Basi la wajumbe lilipotoka getini, Perusi alisimama, akatia ufunguo kwenye meza ya udhibiti. Kabla hajauzungusha, upepo ulirudi. Mizani iliiwasha Unyamisira yenyewe, ya mwisho kati ya kumi na moja, baada ya saa moja na robo. Fremu ilibaki ya kijani.

Alishuka mbio. Mzee Mughwai alikuwa amesimama, fimbo mkononi, kofia kichwani, tayari kuondoka.

"Baba mdogo, karibu ndani. Karibu ukae. Nakuletea maji."

"Ahsante, mwanangu. Maji nimekunywa kwa mlinzi."

"Karibu hata kidogo. Unieleze neno."

Mzee alimtazama kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko matusi.

"Neno limekwisha. Nimepigiwa, umeme umerudi." Alimwonyesha jogoo aliyelala kivulini, mguu umefungwa kwa katani. "Huyo ni wako. Usimwache hapa, mlinzi anamtamani tangu asubuhi."

"Namlinda tu mzee wangu!" alisema mlinzi.

"Unamlinda kwa macho ya supu," alisema mzee, akaenda zake.

*

Kesho yake Perusi alifungua ukurasa wa malalamiko, ule ule ambao mwananchi yeyote anaufungua, na kuandika kwamba nyumba mia moja na arobaini za Unyamisira, kupitia balozi wao, zinalalamikia kuzimiwa mara tatu ndani ya wiki. Alieleza jinsi watu wale wanavyosema: kwa mdomo mmoja, mara moja, baada ya kukaribishwa. Alieleza kwamba kanuni yake ilihesabu midomo. Aliandika vizuri, kwa mpangilio, akabonyeza tuma.

Mizani ilijibu papo hapo: *Lalamiko 1 limepokelewa. Ahsante kwa kusema.*

Zuhura alisoma juu ya bega lake.

"Moja," alisema.

"Kila lalamiko lina mita moja. Nimeweka namba ya mita ya balozi."

"Basi badilisha kanuni. Si yako?"

"Kubadilisha kanuni ni lazima kamati ikae. Inakaa mwezi ujao. Niliipendekeza mimi, ili mtu mmoja asiweze kubadilisha peke yake."

"Dada," alisema Zuhura, "wewe ulijenga nyumba isiyo na mlango, kisha ukakaa nje."

Perusi aliufunga ukurasa. Alikata simu mbili za mama mdogo siku hiyo. Ya tatu haikuja. Ilipofika Jumapili aliomba ruhusa ya siku moja, akanunua jogoo mwekundu sokoni, akaenda Unyamisira.

Alimkuta Mzee Mughwai na wanawake wa kikundi uani kwa mama mdogo, mbele ya jengo la mashine. Ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, zimefunikwa kwa magunia, na harufu ilikuwa imeshatoka nje ya magunia. Shimo lilikuwa limechimbwa nyuma ya choo. Mwanamke mmoja alikuwa anapasua yai moja moja juu ya karai, anaangalia, anatupa. Alipomwona Perusi aliacha, akanawa, akamsalimia kwa bashasha.

"Mhandisi wetu! Tumekuona kwenye taarifa ya habari. Umenenepa!"

"Si kunenepa, ni ile kamera," alisema mwingine, na wote wakacheka.

Perusi alinyoosha jogoo kwa mikono miwili. Mzee alimpokea, akamtazama Perusi, na bila shaka akaelewa, kwa sababu hakucheka. Akasema tu, "Mleteeni kiti."

Waliketi. Maji yalikuja. Perusi alikunywa, akafungua mdomo kusema.

"Bado," alisema mzee.

Kwa hiyo alisubiri. Walimuuliza habari za Singida mjini, za kazi, za mguu wa mama yake. Wakapika. Ulikuja ugali wa uwele, mlenda, na kuku, na paja likawekwa upande wake wa sahani bila mtu kusema neno. Ndoo zilikuwa hatua chache kutoka mkekani. Alijua mwezi huo kikundi hakingekuwa na kifaranga hata mmoja wa kuuza, na kwamba kuku aliyekuwa mbele yake alikuwa mtagaji. Alikula. Asingekula, asingeruhusiwa kusema.

Alipomaliza, mzee aliweka fimbo chini.

"Sasa. Umekuja na neno gani, mwanangu?"

"Siku ile umeme ulipokatika, nilikuwa na ufunguo mfukoni," alisema Perusi. "Ningeweza kuurudisha. Baba mdogo alipokuwa getini nilijua ni mayai, na nilijua ni mara ya tatu. Nilisubiri wageni waondoke."

Alitaka kuongeza habari ya kamati, ya skrini, ya zile dakika arobaini. Yote yalikuwa kweli. Hakuyaongeza.

Kuku walikuwa wakiparua udongo mpya kando ya shimo. Mama mdogo Fidea aliondoa chembe ya ugali kwenye kanga yake.

"Wageni wenyewe," aliuliza, "walikula?"

"Walikula, mama mdogo."

"Haya. Vizuri."

Alichukua jagi la maji na beseni, akapiga goti mbele ya Perusi ili amnawishe mikono. Perusi alijaribu kumpokonya jagi. Mama mdogo hakuliachia. Maji yalikuwa bado yanamiminika pale taa ya kijani juu ya mlango wa mashine ilipozimika. Redio ya jirani ilikatika katikati ya wimbo. Hakuna aliyeinua uso. Hakuna aliyesogea kwenye mita.

Perusi alifuta mkono mmoja kwenye sketi, akatoa simu.

"Zuhura. Itoe Unyamisira kwenye pumziko. Kwa jina langu, kwa namba yangu ya siri. Ufunguo uko kwenye droo yangu."

"Dada, fremu itageuka."

"Igeuke."

"Megawati hizo zinakwenda wapi? Lazima niweke laini nyingine."

"Weka mtaa wetu."

"Nyumba za wahandisi? Mkurugenzi ana watu leo, binti yake anavishwa pete."

"Weka."

Zuhura alicheka, cheko fupi. Zikasikika sauti za vitufe.

"Imekuwa manjano," alisema. "Simu zimeshaanza kuita. Tatu. Tano. Dada, wanalalamika hawa!"

Juu ya mlango taa ya kijani iliwaka. Ndani ya mashine, juu ya trei tupu, feni ilianza kuzunguka.